Inasukumwa Upande Gani?

Hotuba niliyoitoa Mwanza mbele ya wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita pamoja na walimu wao wa fizikia. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakupata nafasi ya kufika. Michoro ya ubaoni nimeiacha. Panapohitajika mchoro, tumia mkono wako.

Ndugu mgeni rasmi, wakuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi mliowasindikiza watoto wenu, na ninyi wanafunzi mliokuja kutoka Ilemela, Nyamagana, Magu, Misungwi, na ninyi mliovuka maji kutoka Ukerewe: mwangaluka! Wazee wangu, shikamooni. Itifaki imezingatiwa, naomba niingie kwenye jambo lenyewe.

Naanza na swali la mtihani. Elektroni inaingia kwenye uga wa sumaku, yaani eneo ambalo sumaku inafikisha nguvu yake, wenye ukali wa tesla 0.03, kwa kasi ya mita 1,000,000 kwa sekunde, ikiukata uga kwa pembemraba. Tafuta kani inayoipata. Najua mtakachofanya. Mtaandika F = Bqv, yaani kani ni uga mara chaji mara kasi, mtaweka chaji ya elektroni, 1.6 × 10⁻¹⁹, mtazidisha, mtapata 4.8 × 10⁻¹⁵ N, mtapiga mistari miwili chini ya jibu na kufunua ukurasa.

Upande gani, wanangu? Kani hiyo inaisukuma elektroni upande gani? Juu? Chini? Kushoto? Kuelekea kwenye sumaku?

Nimesahihisha madaftari ya fizikia kwa miaka mingi, na hapa ndipo karatasi inapobaki nyeupe. Au mwanafunzi anaandika "juu" kwa kubahatisha, maana kubahatisha kati ya juu na chini si vibaya, nusu ya nafasi unapata. Ninaumia nikiona hivyo, kwa sababu anayebahatisha mwelekeo ameacha sehemu nzuri kuliko zote. Namba inakuambia msukumo ni mkubwa kiasi gani. Mwelekeo unakuambia kitakachotokea. Na ndani ya miaka miwili tu, 1932 na 1933, kuna watu walioutazama mwelekeo kwa makini wakagundua mambo ambayo dunia nzima ilikuwa haiyajui. Leo nimekuja kuutetea mwelekeo.

Kila mnapokutana na chembe yenye chaji ndani ya uga wa sumaku, ulizeni maswali matatu. Inakwenda wapi? Uga unaelekea wapi? Ina chaji gani? Semeni nami, na wale wa nyuma niwasikie. Inakwenda wapi? Uga unaelekea wapi? Ina chaji gani? Asiyejibu yote matatu asiinue mkono kupima vidole, maana vidole vitamdanganya.

Lakini kwanza tukubaliane kwamba kani hii ina tabia ya ajabu. Kani ya umeme haisumbui: chaji chanya huvutwa kuelekea hasi, basi. Kani ya sumaku haiivuti chembe kuelekea ncha ya kaskazini, wala haiivuti kuelekea ncha ya kusini. Chembe ikiwa imetulia, haiguswi kabisa. Ikienda sambamba na uga, haiguswi. Ikianza kuukata uga, ndipo inapopigwa kumbo la ubavuni, pembemraba na njia yake, na pembemraba na uga wenyewe. Haisukumwi mbele, hairudishwi nyuma, daima ni ubavuni.

Mliowahi kulinda mtama shambani mnalijua kombeo. Jiwe linazunguka juu ya kichwa, kamba inalivuta kuelekea katikati, na jiwe linazidi kugeuka bila kufika katikati. Elektroni iliyo ndani ya uga wa sumaku unaolingana kila mahali hufanya hivyo hivyo bila kamba. Hugeuka, hugeuka, mpaka ikafunga duara, na kasi yake haiongezeki wala kupungua. Nusukipenyo cha duara hilo ni mv/qB, m ikiwa tungamo ya chembe. Chembe nzito au yenye kasi kubwa hugeuka polepole, na kwenye uga mkali duara hubana. Shikeni hilo la duara kubana, nitalihitaji baadaye.

Sasa, mikono. Tatizo letu ni kwamba tumefundishwa mikono mingi mno. Kidato cha nne mlifundishwa mkono wa kushoto wa Fleming. John Ambrose Fleming alikuwa mhandisi Mwingereza aliyefundisha University College London, na kanuni yake aliitunga kwa ajili ya wanafunzi: gumba ni kani, kidole cha shahada ni uga, kidole cha kati ni mkondo. Ni kanuni sahihi. Lakini mkondo huhesabiwa kwa njia ambayo chaji chanya ingepita, na elektroni hupita njia ya kinyume. Kwa hiyo mwanafunzi anapoelekeza kidole cha kati kule elektroni inakokwenda, amekwisha potea kabla hajaangalia gumba. Kidato cha tano anakuja mwalimu mwingine na mkono wa kulia, na kufikia kidato cha sita mtoto ameinua mikono yote miwili kwenye chumba cha mtihani kama anayeomba dua.

Chagueni mkono mmoja. Mimi nawashauri wa kulia, kiganja wazi. Haya, inueni. Walimu pia, tafadhali. Vidole vinne vinyooke kule uga unakoelekea. Gumba lielekee kule chembe inakokwenda. Kiganja kinasukuma. Kule kiganja kinakosukuma ndiko kani iliko, kama chaji ni chanya. Kama chaji ni hasi, kani iko upande wa mgongo wa mkono. Hakuna haja ya kubadilisha mkono. Uga, mwendo, kiganja. Na kama uga na mwendo haviko kwenye pembemraba, chukueni ile sehemu tu ya mwendo inayoukata uga, iliyobaki iacheni ipite zake.

Uga unaelekea wapi? Twendeni nalo hapa hapa Mwanza, kwa sababu mmekaa ndani ya uga wa sumaku sasa hivi na hakuna aliyewaambia. Uga wa dunia mahali hapa unazidi kidogo mikrotesla 30, yaani karibu mara elfu moja dhaifu kuliko ule wa swali letu la mtihani. Unaelekea kaskazini. Kaskazini ni wapi? Ni Ukerewe. Magharibi, kule jua linakozamia ziwani, ni Kamanga. Mashariki ni Kisesa. Kusini ni Misungwi. Wekeni ramani hiyo kichwani, tutaitumia mpaka mwisho.

Lakini uga wa hapa haukulala sawasawa na ardhi. Ikweta ya sumaku, yaani mstari ambao juu yake uga hulala sawa na ardhi, haifuati ikweta ya ramani. Kwa upande wetu wa Afrika imepanda kaskazini, inapita karibu na Addis Ababa. Sisi tuko kusini yake, na kusini ya mstari huo uga hutoka ardhini ukiinuka. Kwa hiyo uga wa Mwanza unaelekea Ukerewe huku ukipanda juu. Ndiyo maana dira iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya, ukiifungua hapa ufukweni, sindano yake hukaa kombo: ncha ya kaskazini hutaka kuinuka na ya kusini hutaka kuzama, na wakati mwingine hukwaruza kioo. Wauzaji husema dira ni mbovu. Dira ni nzima, inaonyesha uga ulivyo.

Nani nyumbani kwao bado ana runinga ya chogo? Naona mikono kadhaa, vizuri. Lile chogo la nyuma lilikuwa na kazi. Mle ndani elektroni hufyatuliwa kutoka shingoni kuja kwenye kioo, na shingo imevikwa koili za waya. Koili moja hutengeneza uga wa wima na kuyumbisha elektroni kulia na kushoto. Nyingine hutengeneza uga wa ulalo na kuziyumbisha juu na chini. Tazameni ubavu ulivyo: uga wima, kani ulalo. Uga ulalo, kani wima.

Zamani niliwahi kukaa kwenye kibanda cha fundi mmoja hapa mjini, nikimsubiri amalize redio yangu. Mteja alileta runinga iliyokwisha chezewa na mtu mwingine. Picha ilikuwa nzuri, rangi nzuri, sauti nzuri, ila maandishi yote yalisomeka kinyume kama kwenye kioo cha kujitazamia, na mtangazaji mwenye saa mkono wa kushoto alionekana ameivaa kulia. Fundi hakuchukua hata kipimo. Aliizima, akasubiri, akafungua, akabadilishana nyaya mbili za koili ya shingoni, akafunga. Maandishi yakasomeka. Nilimuuliza amejuaje. Akanijibu, "Mwalimu, juu na chini viko sawa, kilichogeuka ni kulia na kushoto tu. Basi ni koili moja, na ndani ya hiyo moja umeme unaingilia mlangoni kwa kutokea."

Uga uligeuzwa, kani ikageuka. Alilijibu swali la pili bila kuandika herufi hata moja, na namheshimu mpaka leo. Hebu tulipime jibu lake. Elektroni zinakuja kuelekea kwako wewe mtazamaji, uga unapanda juu. Gumba likuelekee kifuani, vidole juu. Kiganja kimetazama kushoto kwako. Lakini ni elektroni, kwa hiyo kani ni kulia. Geuza uga uelekee chini, kani inahamia kushoto. (Naomba msiende kufungua runinga nyumbani. Ndani yake mna maelfu ya volti, na huweza kubaki mle hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Aliyeniambia hivyo ni fundi huyo huyo.)

Na uga wa dunia haukuziacha elektroni hizo zipite salama. Njiani kutoka shingoni hadi kwenye kioo ulizisogeza kama milimita chache. Milimita chache kwenye runinga ya rangi zinatosha kuifanya elektroni iliyokusudiwa kuwasha nyekundu iwashe kijani. Ndiyo sababu viwanda vilikuwa vikirekebisha mirija kulingana na kule itakakouzwa, kaskazini, kusini au maeneo ya ikweta.

Inakwenda wapi? Swali hili mnaliona jepesi. Mtihani unawapa jibu lake, "elektroni inakwenda kulia," mshale umechorwa. Lakini katika maabara ya kweli hakuna mshale.

Mwaka 1932, Carl Anderson alikuwa Pasadena, California, akipiga picha za chembe zinazoletwa na miale kutoka anga za mbali. Chombo chake kilikuwa chemba yenye mvuke ndani ya sumaku yenye nguvu. Chembe ikipita, huacha mstari mwembamba wa ukungu, na sumaku huupinda mstari huo. Ukijua uga unaelekea wapi na chembe inakwenda wapi, upande inakopinda unakuambia chaji yake. Sasa, akapata mistari iliyopinda upande wa chaji chanya, lakini myepesi mno kuwa ya protoni, ile chembe chanya nzito ya kiini cha atomi. Ni nini hiki?

Fikirini kabla sijajibu. Mstari wa ukungu ni mstari tu, hauonyeshi kichwa wala mkia. Elektroni inayoshuka na chembe chanya inayopanda hupinda upande mmoja. Gumba likigeuka na chaji ikigeuka, kani inabaki pale pale! Kwa hiyo mtu angeweza kusema, na walikuwapo waliosema, kwamba hizo ni elektroni za kawaida zinazopanda kutoka chini. Kani wanaiona, uga wanaujua, lakini swali la kwanza halijajibiwa, na bila hilo la tatu halijibiki.

Anderson aliweka bamba la risasi, ile metali nzito, lenye unene wa milimita 6, katikati ya chemba. Chembe ikipenya bamba hupoteza nguvu, na kasi yake hupungua. Sasa rudini kwenye duara. Chembe iliyopungua mwendo, duara lake linafanya nini? Linabana! Upande ambao mstari umepinda zaidi ndio upande chembe ilikotokea baada ya kuchoshwa na bamba. Akapata picha. Mstari ulipita bambani, na sehemu ya juu ilikuwa imepinda zaidi ya sehemu ya chini. Chembe ilikuwa inapanda. Iliingia bambani ikiwa na nguvu ya elektronivolti milioni 63 na kutoka na milioni 23. Inakwenda juu, uga unajulikana, imepinda upande huu: chaji ni chanya, na chembe ni nyepesi kama elektroni.

Alikuwa amekutana na positroni, elektroni yenye chaji chanya, chembe ya kwanza ya maada kinyume kuonekana na binadamu. Mwaka 1936 alipewa Tuzo ya Nobel. Wanangu, kilichowanyamazisha waliobisha ni bamba la risasi lililojibu swali moja: inakwenda wapi?

Ina chaji gani? Hapa natoka California na kuja karibu na nyumbani.

Miaka hiyo hiyo wanasayansi walibishana kuhusu ile miale ya anga yenyewe. Wapo waliosema ni mwanga wenye nguvu nyingi, usio na chaji yoyote. Wengine walisema ni chembe zenye chaji. Na kama zina chaji, ni chanya au hasi? Hakuna aliyeweza kupanda kwenda kuzipokea. Mwaka 1930 kijana Mwitaliano aitwaye Bruno Rossi alieleza kwamba sumaku ya dunia yenyewe inaweza kuamua kesi hii. Kama miale ni mwanga, itafika sawa kutoka mashariki na magharibi. Kama ni chembe zenye chaji, upande mmoja utazidi. Lakini kipimo hicho kinafaa zaidi mahali palipo karibu na ikweta ya sumaku, na pawe juu mlimani. Kwa hiyo mwaka 1933 alifunga vyombo vyake akaja Afrika Mashariki, Asmara, Eritrea, mji ulio zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari.

Tumsaidie Rossi tukiwa hapa. Chembe inashuka wima kutoka angani kuja kwenye ukumbi huu. Tuseme ni chanya. Simameni nyote, tazameni Ukerewe. Vidole kuelekea Ukerewe. Gumba chini kabisa. Ndiyo, mkono unajipinda, vumilieni. Kiganja kimetazama wapi? Semeni kwa sauti. Kisesa! Mashariki! Na ile sehemu ya uga inayopanda juu, je? Chembe inashuka sambamba nayo, kwa hiyo haiguswi nayo. Basi chembe chanya zikishuka husukumwa mashariki. Chembe inayosukumwa mashariki njia nzima, inafika kwetu kutoka upande gani? Kutoka magharibi. Kama miale ni chanya, mingi itatoka upande wa Kamanga. Kama ni hasi, mingi itatoka upande wa Kisesa.

Rossi alivielekeza vyombo vyake magharibi, akahesabu. Akavielekeza mashariki, akahesabu. Magharibi ilizidi. Mwaka huo huo, kule Mexico City, Luis Alvarez na Arthur Compton walipata jibu lile lile, na Thomas Johnson pia. Miale ya anga ni chembe, na zilizo nyingi zina chaji chanya. Leo tunajua kwamba sehemu kubwa ni protoni. Na hii yote ilijulikana kwa kuuliza tu zinasukumwa upande gani, kwa kutumia sumaku ambayo hakuna aliyeijenga, ile ile inayopita kwenye viti mlivyokalia.

Baada ya hapo msichana mmoja wa kidato cha tano aliinuka akauliza swali lililonifurahisha kuliko yote ya siku ile. Alisema, "Mwalimu, umesema kani hii ni ya ubavuni daima, kwa hiyo haiongezi kasi wala haifanyi kazi. Mbona mota ya mashine ya kusaga inafanya kazi, na imejaa sumaku?" Ukumbi ulicheka, mimi sikucheka, kwa sababu ni swali zito. Nilimjibu hivi. Nguvu ya mota haitoki kwenye sumaku. Inatoka kwenye umeme unaolipiwa. Elektroni zinazopita kwenye waya husukumwa ubavuni, na kwa kuwa zimefungiwa ndani ya waya, zinauvuta waya wote uende nazo. Waya unapoanza kusogea, elektroni zinapata mwendo wa pili, ule wa waya, na mwendo huo nao unaukata uga na kuleta kani inayopinga mkondo. Ili mkondo uendelee, umeme unalazimika kuzisukuma zaidi, na hapo ndipo kazi inapolipiwa. Mota ikifungwa breki ikakwama, upinzani huo unatoweka, mkondo unapanda ghafla na koili zinaungua. Mafundi wa mashine wanalijua hilo vizuri. Sumaku inageuza njia tu, kama nilivyosema, na hesabu za kazi zinalingana.

Kisha nikafunga hivi: swali la kuondoka nalo. Elektroni inaruka ulalo kutoka Mwanza kwenda Kamanga, magharibi moja kwa moja. Uga ni wa hapa hapa, unaelekea Ukerewe na kupanda juu. Inasukumwa upande gani? Gaweni uga kwanza, sehemu ya kaskazini peke yake, sehemu ya kupanda peke yake, mpate kani mbili, kisha mziunganishe. Kumbukeni chaji. Ukipata jibu lenye hata chembe ya mashariki au magharibi ndani yake, rudia, maana kani haiwezi kulala kwenye njia ya mwendo. Nitakuwa hapa mpaka saa kumi. Njooni mnionyeshe kwa mkono.